Mgongo wa Kifaru

Ukitaka kumwita mtu siku ya gulio pale Benaco, usijisumbue kupaza sauti. Mfuate ukamshike shati. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yananguruma kando ya barabara, wauza dagaa wanashindana na wauza nyanya nani ana koo pana, mbuzi wanalia kana kwamba wameshaona kisu. Na miaka ile ya mwisho ya kambi ya wakimbizi ya Lukole, juu ya kelele zote hizo kulikuwa na jenereta ya Speciosa, iliyokohoa kutwa nzima kama mzee mvuta kiko.

Speciosa alikuwa na kibanda cha video. Kuta za matete, paa la turubai, mabenchi ya mbao ambazo hazikuwahi kupigwa randa, televisheni ya chogo na deki moja. Yeye mwenyewe alikaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitenge cha maua ya kahawia kiunoni, sweta la kijani lililotoboka kiwiko, na uso wa mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Hakuwa mzee. Alikuwa amechoka tu, na uchovu humwongezea mtu umri bila kumwomba ruhusa.

Mumewe Projestus, ambaye hawakuwahi kufika naye kanisani, alikuwa amekwenda kwenye dhahabu kule Geita, akiahidi kurudi kabla mahindi hayajakauka. Mahindi yakakauka, yakavunwa, yakaliwa, yakapandwa mengine. Ndipo Speciosa akatoka kwao Ntobeye, akaja Benaco kuonyesha watu filamu za vita. Biashara ilikuwa nyepesi kwa sababu bunduki haihitaji mkalimani.

Siku moja ya gulio, mwanamume mmoja alisimamisha baiskeli mlangoni pake. Alivaa koti la mtumba lililomzidi mabega, lisilo na kifungo hata kimoja, na nyuma ya baiskeli alikuwa amembeba bibi kizee mwembamba aliyejifunga mtandio wa buluu.

"Dada, amahoro. Naomba mama akae hapa kivulini. Jua limemshinda."

"Hapa si zahanati, kaka. Lipa kwanza ndipo uketi."

"Kivuli nacho kinalipiwa Tanzania?"

"Cha kwangu kinalipiwa. Cha serikali kiko kule, kwenye lile gari bovu."

Mwanamume akalitazama lile gari bovu, akamtazama Speciosa, akacheka. Hakucheka kwa hasira. Speciosa alikuwa amesahau kwamba watu huweza kucheka hivyo wakiambiwa hapana. Akamgeukia yule bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu kwa sauti kavu.

"Pita ukae. Mwanao ndiye atakayelipa. Yeye ana mdomo mrefu."

Basi hivyo ndivyo Niyonzima na mama yake Deodata walivyoingia kibandani. Na siku hiyohiyo mfanyabiashara wa Kahama aliyekuwa akimletea Speciosa CD alikuwa amekosea. Juu ya ganda palikuwa na picha ya mwanajeshi mwenye misuli. Ndani ya ganda mlikuwa na kitu kingine kabisa.

Skrini ikawaka. Akatokea kifaru.

Si kifaru wa kupigwa picha porini, wala wa kuchorwa kwa kalamu. Alikuwa wa kompyuta, lakini ngozi yake ilikuwa na mikunjo na ndani ya mikunjo mna vumbi, na tone la maji likamning'inia puani likikataa kudondoka. Macho yake yalikuwa mabovu. Alijigonga kwenye mti, akauomba mti radhi. Mgongoni mwake alikuwa amepanda ndege mdogo, wale wala kupe, bawa moja limefungwa jani. Yule ndege ndiye aliyemwelekeza njia katika nchi kavu.

"Tupe vita!" wakapiga kelele wapakia mizigo waliokaa mbele. "Dada Spe, hii ya watoto! Rudisha hela!"

Speciosa alikuwa ameshanyanyuka kuizima. Ndipo Deodata, ambaye tangu aketi alikuwa hajainua macho, akamshika mwanawe mkono.

"Huyo mnyama anasema nini?"

Niyonzima hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini mama alikuwa ameuliza, na ilikuwa siku nyingi mama hajauliza kitu chochote. Kifaru alikuwa anamfokea ndege. Niyonzima akakohoa, akakaza sauti puani, akasema kwa nguvu:

"Anasema: hapa si zahanati, kaka. Lipa kwanza ndipo uketi!"

Kibanda kikaangua kicheko. Wapakia mizigo wakageuza shingo kumtazama Speciosa, wakamtazama kifaru, wakacheka upya. Na Deodata akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichotoka kwa shida, kama maji ya bomba lililofungwa muda mrefu, mwanzo pumzi, kisha kutu, kisha maji. Niyonzima alinyamaza kumsikiliza, mpaka watu wakamzomea: "Endelea, mkalimani! Ndege amejibu nini?"

Speciosa akarudi kwenye ndoo yake. Hakuizima.

Filamu ile ilikuwa na kasoro moja. Karibu na mwisho, bawa la ndege likiwa limepona na kundi la ndege wenzake linapita juu angani, kifaru aligeuka akampa mgongo. Hapo CD ilikwaruzika. Picha ikaganda: mgongo mpana wa kifaru, na mbele yake nyasi. Speciosa aliifuta kwa kanga, akaifuta kwa mate, akaipuliza. Ikaganda palepale.

"Mwisho wake je?" watu wakauliza.

"Mwisho wake uko Kahama," akajibu. "Tokeni."

"Mkalimani atumalizie!"

Niyonzima akaumaliza kwa mdomo. Siku hiyo ndege aliruka, akazunguka, akarudi na kupe mfukoni kwa ajili ya safari. Watu wakatoka wameridhika.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa kibanda kilifurika. Niyonzima alikuja na kibali chake cha kutoka kambini, mama nyuma ya baiskeli, akashika kipaza sauti na kufanya sauti zote. Wale wapakia mizigo waliotaka vita walirudi na mama zao. Katekista Idefonsi, aliyewahi kusema kanisani kwamba kibanda kile ni mlango wa jehanamu, alikuja "kuchunguza watoto wanafundishwa nini". Alichunguza Jumapili ya kwanza, akachunguza ya pili, na ya tatu akaonekana anajifuta macho kwa kola ya shati.

"Ni vumbi, Mwalimu?" Speciosa akamuuliza.

"Jenereta yako inatoa moshi."

"Moshi uko nje, Mwalimu. Humu mna kifaru tu."

Watoto walicheka kifaru alipoanguka. Wazee nao walicheka, lakini kwa kuchelewa kidogo na mahali pengine: pale alipojifanya anaona wakati haoni, pale aliposema hana njaa ili ndege ale. Mahali hapo watoto walikuwa wakikuna magoti tu. Wenyeji na wakimbizi walibanana benchi moja, Kihangaza na Kirundi vinaelewana kama ndugu waliogombana zamani, na mkalimani anawapa wote Kiswahili. Kila wiki mwisho ulibishaniwa upya. Vikongwe walitaka ndege arudi. Vijana walisema akishaonja hewa ya juu harudi huyo. Niyonzima aliwapa mwisho kulingana na hali ya hewa.

Na kila wiki kifaru alizidi kuongea kama Speciosa.

"Unanidhalilisha," Speciosa alimwambia Niyonzima siku moja wakikunja waya. "Jana muuza chumvi kaniita kifaru."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia alipe kwanza."

Akacheka, na safari hii Speciosa naye akacheka, akaona haya, akavuta sweta kufunika lile tundu la kiwiko. Niyonzima alikuwa ameshaliona tundu. Wiki iliyofuata alikuja na sindano na uzi wa kijani uliokaribiana na wa sweta, akaushona mkono ule Speciosa akiwa amelivaa, taratibu, ulimi nje kama mtoto wa shule. Hawakusema neno. Huko nje Tecla, muuza chai wa jirani, alisema ya kutosha kwa niaba yao.

Kambini mtandao ulishika juu ya kichuguu kimoja tu. Niyonzima aliazima simu, akapanda, akabipu mara moja. Speciosa akapiga.

"Haloo, kifaru wangu. Umeshindaje?"

"Nani kifaru? Wewe kupe."

"Mimi ndiye mla kupe. Umesahau filamu yako mwenyewe?"

"Kwa hiyo umebipu ili unitukane kwa salio langu? Salio si mtama, wewe ndege."

"Nimebipu nikusikie ukinuna. Ukinuna najua uko mzima."

Upepo wa kichuguuni ukavuma ndani ya simu.

"Nimechoka, Niyo."

"Najua. Hata mimi. Basi tuchoke pamoja, wewe huko, mimi huku."

Mtu mwingine angeambiwa maua na nyota. Speciosa aliambiwa hayo, akalala usingizi mnono.

Kisha zikaja habari za kurudi. Burundi imetulia, ilisemekana. Malori ya shirika la wakimbizi yatawachukua watu, na kambi itafungwa. Wengine walishangilia, wengine walinyamaza. Deodata alianza kuota shamba lake kule Ruyigi, mti kwa mti. Niyonzima hakusema kitu, na Speciosa hakuuliza. Alikuwa amewahi kumuuliza mwanamume siku ya kurudi, akapewa jibu zuri sana.

Ni Tecla aliyemfuata na birika mkononi, adhuhuri, sauti yake ile ya kuuzia chai.

"Sasa malori yakianza, utafanyaje na ndege wako? Atakaa?"

Speciosa akacheka kwa pembe ya mdomo.

"Aende tu. Mgongo wangu umechoka kubeba watu."

Nyuma ya ukuta wa matete, Niyonzima alikuwa amechuchumaa akiunganisha waya. Matete yana mianya. Speciosa hakujua.

Jumapili iliyofuata filamu ilikwenda vizuri, hata vizuri mno; Niyonzima alifanya sauti bila kosa na bila utani. Picha ikaganda. Mgongo wa kifaru. Watu wakajisogeza mbele kungojea mwisho mpya.

Niyonzima akasema kwa ile sauti ya puani, ya Speciosa mtupu: "Aende tu. Mgongo wangu umechoka kubeba watu." Kisha kwa sauti ya ndege: "Haya. Asante kwa usafiri." Akaweka kipaza sauti chini. "Basi. Imeisha."

Wachache wakacheka. Tecla, aliyekuwa mlangoni, hakucheka; alitazama birika lake.

Speciosa alingoja watu watoke.

"Umenifanya kichekesho mbele za watu wote hawa."

"Mimi? Mimi mkalimani tu, dada. Maneno yalikuwa yako."

"Dada? Leo nimekuwa dada?"

"Ulitaka nikuite nani? Mtu aliyechoka kunibeba?"

Hapo Speciosa angeweza kusema. Maneno yalikuwepo, tena machache: nilisema vile kwa hofu. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kazi moja tu.

"Mlango ule pale," akasema.

Niyonzima akampakia mama yake kwenye baiskeli, akaisukuma kwa mikono, hakupanda.

Simu haikubipu. Speciosa aliichaji kwa jenereta ingawa ilikuwa imejaa. Alipanda hata yeye kwenye kichuguu cha nyuma ya soko, kana kwamba mtandao ndio uliokuwa na kosa. Jumapili akaonyesha vita. Watu wakaja wachache, wakatazama kwa adabu kama watu msibani, wakaondoka. Idefonsi akapita mlangoni, akauliza bila kumtazama, "Yule mnyama hajambo?"

"Mgonjwa, Mwalimu."

"Hm. Tutamwombea."

Asubuhi ya Jumapili nyingine Deodata alikuja peke yake, kwa miguu, mtandio wa buluu umejaa vumbi, fimbo mkononi. Speciosa alimkimbilia akamshika.

"Mama! Umetembea? Shikamoo, mama. Niyo yuko wapi?"

"Ananitafuta. Mwache anitafute." Akaketi juu ya ndoo ya Speciosa, akapumua. Kisha akasema kwa Kirundi, polepole, akijua Speciosa, Mhangaza wa hapo, ataelewa: "Tumejiandikisha. Nimekuja kumwona yule mnyama mara ya mwisho. Huko kwetu sina televisheni. Sina hata ukuta wa kuiegemeza."

"Nitakuonyesha, mama."

"Na wewe," Deodata akasema, "mwanangu alikusikia. Kupitia matete. Mimi nilimwambia: mtu aliyechoka hujibu kwa uchovu wake, si kwa moyo wake. Lakini wanaume wanasikia kwa sikio moja."

Speciosa aliingia ndani akajifanya anapanga mabenchi. Aliyapanga kwa muda mrefu, mabenchi yaleyale.

Habari ya kwamba kifaru amepona ilienea sokoni haraka kuliko bei ya sukari. Misa ilipokwisha, kibanda kilijaa hadi watoto wakakaa mapajani mwa watu wasiowajua. Niyonzima akafika anahema, akamwona mama yake benchi la mbele, akataka kumnyanyua. Deodata akamwonyesha fimbo. Mwanawe akarudi mlangoni, akatoa sarafu, akaiweka kwenye kopo bila kumtazama Speciosa, akaenda kukaa nyuma kabisa kama mteja.

Hakugusa kipaza sauti. Speciosa naye hakumwomba. Kifaru akatokea, akafungua kinywa, kikatoka Kiingereza kisichojulikana na mtu.

Ikasikika sauti ya mtoto mmoja wa kike, nyembamba: "Hapa si zahanati, kaka."

Na kibanda kizima kikaitikia: "Lipa kwanza ndipo uketi!"

Walikuwa wanayajua yote. Watoto walifanya ndege. Wapakia mizigo walifanya ngurumo. Pale kifaru aliposema hana njaa, vikongwe ndio waliosema, kwa upole, na katika mstari ule Idefonsi alishika kola yake mapema. Mstari kwa mstari, bila mkalimani, wakaivuka ile nchi kavu mpaka kundi la ndege likapita juu na kifaru akageuka.

Picha ikaganda. Mgongo mpana, na nyasi.

Hapo hakuna aliyekuwa na maneno, kwa sababu mwisho ulikuwa wa Niyonzima siku zote. Wakageuka kumtazama. Yeye akatazama viatu vyake.

Speciosa akanyanyuka. Alipita katikati ya mabenchi, akakanyaga vidole vya watu, akakichukua kipaza sauti. Hakuwa amewahi kukishika. Kikapiga ukelele, watu wakaziba masikio.

"Ndege," akasema. Hakukaza puani; ilikuwa sauti yake tu. "Ni kweli nilisema mgongo umechoka. Umechoka kweli, sikudanganya. Lakini ulichoka kabla hujapanda. Wewe ulipopanda ndipo nilipoanza kusahau. Nilikufukuza ili usiniache. Wa kwanza aliniacha nikiwa nimesimama mlangoni, namwambia karibu tena. Sikutaka kusimama tena vile."

Jenereta nayo, utadhani ilipunguza sauti.

"Na ninyi," akawageukia watu, akaanza kuwa Speciosa waliyemjua, "kila Jumapili mnagombana humu: ndege atarudi, ndege hatarudi. Hamna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Kwani kifaru hana miguu?"

Deodata ndiye aliyeelewa kwanza. Akapiga fimbo chini, akamwita Mungu wake kwa Kirundi, "Mana yanje!" na kile kicheko chake kikatoka, safari hii bila kutu.

Niyonzima alikuja mbele polepole. Akachukua kipaza sauti. Kwa sauti ya ndege, iliyokwaruza, akasema: "Ng'ambo ile nyumba haina paa, kifaru. Na shamba tutalikuta lina mtu ndani."

"Kwani hapa nina nini? Turubai na kikohozi cha jenereta."

"Utachoka."

"Nitachoka. Tuchoke pamoja. Wote huko, siyo wewe huko na mimi huku."

Idefonsi akasimama kwenye benchi. "Na ndoa ifungwe kanisani kwanza, si mgongoni mwa mnyama!" Kibanda kikalipuka vigelegele, Tecla akimwaga chai yake mwenyewe miguuni.

Niyonzima akakizima kipaza sauti. Yaliyobaki aliyasema chini, ya watu wawili.

"Nitakwenda Ntobeye kumwona baba yako. Niende na mama yangu, na pombe ya ndizi."

"Nenda. Ila uvae shati lenye vifungo. Mzee anaangalia vifungo."

"Na malori?"

"Mwombe karani wa uandikishaji awasogeze nyuma kwenye orodha. Mmeyangoja miaka yote hii, nayo yawangoje kidogo."

"Spe."

"Nini?"

"Samahani kwa ile 'asante kwa usafiri'."

"Ilikuwa nzuri," akasema Speciosa. "Iliniuma, lakini ilikuwa nzuri."

Akaenda nje akaizima jenereta. Mgongo wa kifaru ukatoweka kwenye skrini, kikabaki kidoa kimoja cheupe, nacho kikafa. Watu walikuwa bado wamekaa.

"Dada Spe," akauliza yule mtoto mwenye sauti nyembamba, "sasa mwisho wake hasa ni upi?"

"Mmeshauona. Tokeni, nataka kufagia."

Wakatoka wakisukumana, wanabishana. Deodata akachelewa, akipapasa ncha ya mtandio alikofunga sarafu yake, maana alikumbuka kwamba leo aliingia bila kulipa. Speciosa akamshika bega akamrudisha benchini, taratibu.

"Keti, mama," akasema. "Wa kwetu halipi."